Mashine Utakayoweza Kuifungua Mwenyewe

Wanangu, kila msimu mawese yakiuzika vizuri au dagaa wakipanda bei, kuna kijana wa Ilagala, Sunuka au Sigunga anayekuja kukaa barazani kwangu na swali lile lile: ninunue mashine ya farasi ngapi? Nimeishi na injini za boti tangu ujana wangu, na jibu langu ni kwamba swali hilo lije la tatu. La kwanza ni unakwenda wapi na umebeba nini. La pili, mashine ikizimika katikati ya njia hiyo, nani ataifungua? Jibu hayo mawili kwa ukweli, na hesabu ya farasi itakuwa nyepesi.

Safari ya mbali hapa kwetu ina sura yake. Ukitoka mdomo wa mto Malagarasi kuelekea kusini unapita Sunuka, Sigunga, Herembe, Igalula na Buhingu, unapita chini ya milima ya Mahale, unafika Kalya. Ukiendelea kuna Ikola, Karema, Kabwe, Kirando na Kipili, mpaka Kasanga karibu na mpaka wa Zambia. Kwa kufuata ufuko ni zaidi ya kilomita 400. Kina cha Ziwa Tanganyika kinafika mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolipita. Kina hicho watoto hukariri shuleni, lakini mwendesha boti anapaswa kukihofia. Chini ya Mahale mlima unaingia majini moja kwa moja. Mashine ikikufia mbali kidogo tu na ufuko, nanga haitagusa chini, na utakwenda unakopelekwa na upepo. Mtu wa Bagamoyo anaweza kutupa nanga akakaa kitako akifikiri la kufanya. Sisi sehemu nyingi hatuna nafasi hiyo.

Na upepo wenyewe mnaujua. Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma kutoka kusini-mashariki, na mawimbi yake ni mafupi na yamesimama. Anayekwenda Kalya miezi hiyo anakwenda uso kwa uso nao, kwa hiyo mafuta ya kwendea si sawa na ya kurudia. Nimeona vijana wakipiga hesabu kwa safari ya Machi ziwa likiwa tulivu, kisha wanaitumia hesabu hiyo hiyo Julai.

Sasa tuje kwenye farasi. Boti nzito ya mbao, inayokata maji bila kupanda juu yake, ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake majini. Boti ya futi 36 kikomo chake ni karibu kilomita 15 kwa saa. Ikifika hapo inakaa ndani ya bonde la wimbi ililolitengeneza yenyewe, na kila farasi unayemwongeza anazidi kuchimba bonde hilo. Tezi inazama, omo inanyanyuka, kelele inaongezeka, abiria wanafurahi kwamba tunakimbia, na ukitazama mlima ulio pembeni unaona mwendo ni ule ule. Nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kuliko mwendo: ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano, nguvu inayotakiwa hushuka hadi karibu nusu.

Tuifanye hesabu, maana hapa ndipo fedha na maisha vilipo. Mashine ya farasi 40 ya kuchanganya oili, ikifunguliwa mpaka mwisho, hunywa lita 18 hivi kwa saa. Kwa kilomita 15 kwa saa, kilomita 100 zitakuchukua chini kidogo ya saa saba, na utamaliza lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Ukiridhika na kilomita 12 kwa saa, utatumia saa nane na dakika 20, lakini mashine itakunywa lita 9 kwa saa au zaidi kidogo. Umefika kwa madumu manne hivi. Saa moja na dakika 40 za subira zimekuachia madumu mawili, na pale Mahale dumu moja linaweza kuwa ndilo linalokufikisha Kalya. Gawa mafuta yako mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe mpaka jambo litokee. Kwenda kusini wakati wa upepo, fungu la kwendea liwe kubwa zaidi.

Hata huko ng'ambo waliofikiri kwa makini walifika hapo hapo. Mmarekani Robert Beebe, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, mwaka 1963 alitengenezewa boti aliyoiita Passagemaker, akavuka nayo bahari kuu kwa injini ya dizeli, na mwaka 1975 akachapisha kitabu kiitwacho Voyaging Under Power. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba boti ya mbali ni ile inayokubali kwenda taratibu ili mafuta yake yafike.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa mashine hatakwambia, pengine kwa sababu kitabu cha mashine kimeandikwa na watu wa pwani. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kidogo, na injini ya kawaida hupoteza asilimia 7 hivi ya nguvu yake. Ongeza juu yake magunia ya muhogo, mapipa ya mawese na watu thelathini, halafu uifungie pangaboi lililotengenezwa kwa boti nyepesi ya kitalii. Mashine itanguruma bila kufikia mizunguko iliyoandikwa kitabuni, itapata joto, na itachakaa kabla ya wakati wake. Pangaboi lina namba mbili: ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi, ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kwa mzigo mzito na hewa yetu, chagua lenye namba ya pili ndogo. Mwendo wa juu utapotea kidogo, lakini hukuwa na kazi nao.

Historia iliyo mlangoni kwetu inafundisha kuliko duka lolote. Mwisho wa mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishusha ziwani, upande wa Kongo, boti mbili za petroli, Mimi na Toutou. Zilikuwa za mbao, futi 40 kila moja, na kila moja ilikuwa na injini mbili. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Afrika Kusini, zikapanda reli, kisha zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita Katanga. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani hiyo iliyotekwa, zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kwa kazi ile mbio zilifaa: unatoka, unafukuza, unarudi bandarini siku ile ile kwenye mafuta yako na mafundi wako.

Lakini chombo kilichodumu ziwani ni kingine. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikapanda reli na kuungwa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Julai 1916, walipokuwa wakiuacha mji, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto wetu huu wa Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini na maboila bado vinafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea na mvuke ule ule mpaka ilipofungwa dizeli katika miaka ya 1970, na kwa miongo mingi ikabeba babu zenu hadi Mpulungu. Mafundi wale walikuwa wanashindwa vita, na bado walimfikiria mtu atakayekuja kuifungua ile injini baada yao. Nataka mnunue na kutunza mashine kwa moyo huo.

Kwa hiyo ninaposhauri kati ya mashine ya kuchanganya oili na ile mpya yenye oili yake peke yake, naanza na nani ataifungua. Mpya hunywa mafuta machache kuliko ile ya zamani, haina moshi mwingi, haimwagi oili majini ambako ndugu zetu wanachota maji ya kunywa. Kwa mtu anayekwenda Kigoma na kurudi kila siku, akiwa na fundi wa uhakika mjini, naipenda na ninamwambia ainunue. Lakini nyingi za mashine hizo, hasa kubwa, zina kompyuta ndogo ndani na vipimo vinavyotaka kifaa maalumu kuvisoma. Ikigoma Buhingu, spana yako haina la kusema. Ile ya zamani yenye kabureta na kamba ya kuvuta, karibu kila kijiji kikubwa cha ufukoni utampata mtu aliyewahi kuifungua, na vipuri vyake utaviazima kwa mvuvi. Kwa safari ya zaidi ya siku moja kusini mwa Sigunga, bado namshauri kijana asiye na fundi achukue ile ya zamani, achanganye oili kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwa nyingi ni lita 1 kwa lita 50 za petroli. Asipime kwa jicho. Oili ikipungua pistoni inakwama. Ikizidi plagi zinaziba na unakaa katikati ya ziwa ukizisugua.

Dizeli ya ndani je? Kwa anayebeba tani nyingi kutoka Ujiji kwenda Kalemie, sina mashaka: dizeli. Hunywa kidogo, hudumu, haina plagi, na mvuke wake hauwaki kirahisi kama wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hutambaa hadi sakafu ya boti na kungoja cheche. Ila dizeli ni nzito, inatoboa boti ili shafti ipite, na pakini ya shafti inataka kuangaliwa kila siku. Na sisi wa Ilagala tuna jambo letu. Mdomo wa Malagarasi una fungu la mchanga linalohama kila masika, na kuna matope, magogo na mafunjo yanayoshuka na mto. Pangaboi la dizeli limefungwa chini ya boti, halinyanyuki. Mashine ya nje unaiinamisha kidogo ukapita taratibu. Kwa anayelaza boti yake mtoni, hilo peke yake linatosha kumpa jibu.

Mto huo huo ndio adui wa upoozaji. Vitabu vya ng'ambo vinaonya sana juu ya chumvi. Sisi maji yetu ni matamu, tunauawa na mchanga. Kila ukivuka fungu angalia ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwa mashine. Ukiwa dhaifu au moto, zima, safisha tundu kwa waya mwembamba, usijipe moyo kwamba utarudi wenyewe. Ukifika maji safi ya ziwa, iache ingurume taratibu dakika chache ijisafishe. Ile impela ya mpira inayosukuma maji, badilisha kabla haijaomba, kwenye mchanga mkavu ambako skrubu ikidondoka utaiona. Tangu maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni, visiki na kuta za zamani zimefunikwa karibu na ufuko. Njia uliyoijua ukiwa mtoto sasa ina meno. Beba pangaboi la pili.

Mafuta machafu yamezima mashine nyingi zaidi ya ubovu wowote wa chuma niliowahi kuuona. Petroli ya dumu lililokaa kijijini huwa na maji na kutu chini. Acha dumu litulie usiku mzima, mimina kwa kitambaa kinachochuja, acha kidole kimoja cha mwisho ndani ya dumu. Funga chujio lenye kikombe cha kuonekana kati ya tangi na mashine. Na tangi likitaka kujazwa, lishushe ufukoni, abiria wakiwa wameshuka, hakuna sigara wala jiko. Hili nalisema kwa kukaza sauti, kwa sababu nimekwisha kuona watu wakimimina petroli juu ya mashine yenye moto, mama akiwa amekaa pembeni na mtoto mgongoni.

Mashine ya akiba ni lazima kwa safari ya mbali. Farasi 9.9 au 15 zinatosha kuigeuza omo kwenye wimbi na kukufikisha kijiji cha karibu. Lakini ifikirieni vizuri. Mashine mbili zinazonyonya tangi moja hufa pamoja. Ya akiba iwe na dumu lake, chujio lake, petroli ya wiki hiyo. Iwashe kila safari, hata kwa dakika tano. Nyingi zimebebwa mwaka mzima chini ya turubai kama jeneza, na siku ya kuhitajika kabureta imeganda.

Sanduku la vipuri halina ubishi: plagi, kamba ya kuvuta, pini, chujio, bomba la mafuta na ile balbu yake ya kuminya, oili, waya, gundi, spana zinazoingia kwenye bolti za mashine yako wewe. Zifungeni kwa kamba kwenye taruma. Spana nyingi za Ilagala ziko chini ya ziwa.

Siku hizi naulizwa pia kuhusu mashine za umeme na sola. Naufurahia umeme wa jua. Taa za sola zimetuondolea karabai kwenye uvuvi wa dagaa, na betri moja itawasha taa zenu za njia, tochi, simu na pampu ya maji ya ndani ya boti. Lakini kusukuma boti ya mzigo hadi Kalya bado. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 imebeba kilowati-saa 1.2; lita moja ya petroli ina karibu 9. Hata ukikumbuka kwamba mashine hupoteza sehemu kubwa ya petroli kuwa joto, bado utahitaji boti iliyojaa betri peke yake.

Taa za njia ni nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe inayoonekana kutoka nyuma. Ziwa la usiku limejaa watu na nyavu. Beba dira hata kama una GPS kwenye simu, na simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, maana mtandao ukikatika nyuma ya milima ya Mahale, ramani uliyoihifadhi ndiyo itakayobaki. Redio ya VHF ni nzuri kama upande wa pili kuna anayesikiliza chaneli 16. Kabla ya yote mwachie mtu wa ufukoni karatasi yenye majina ya mliomo, mnakopita, na saa ambayo mkiwa hamjafika aanze kupiga simu. Chukua makasia yanayofaa kweli, ndoo mbili za kufulia maji hata kama pampu ni mpya, na turubai imara lenye kamba nne za pembeni: likitupwa kutoka omo huburuta maji na kuiweka boti uso kwa wimbi pale nanga isipofika chini. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa dereva. Akianguka bila kamba hiyo, boti huzunguka na kumrudia yeye mwenyewe na pangaboi lake.

Jaketi okozi, moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Ivaliwe, ikikaliwa kama mto haisaidii kitu. Mkaguzi wa usalama wa vyombo kutoka TASAC akija kuhesabu, msimwone adui, na namba ya abiria aliyoiandika msiipandishe kwa sababu ni siku ya soko. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Victoria, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 200 wakafa. Walikuwa wanaona nchi kavu. Baada ya misiba kama ile, wazee wenzangu hukaa matangani wakasema chombo cha kuzama hakina usukani. Wanangu, mimi sikubali methali hiyo isemwe juu ya boti iliyoondoka na plagi moja, tangi moja na jaketi sita kwa watu arobaini. Chombo hicho kilikuwa na usukani, na kilikuwa na mwenyewe.

Mkishanunua, msipakie abiria wiki ya kwanza. Ijaze boti mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wako wa kweli, nenda Sunuka na kurudi kwa mwendo tofauti, andika kwenye daftari lita na saa za kila mwendo. Rudia siku ya upepo. Halafu zima mashine kwa makusudi mbali na ufuko, mwenzako akiwa tayari na ya akiba, ubadilishe plagi na chujio boti ikiyumba. Rudia usiku kwa tochi ya kichwani. Ukilimaliza hilo bila kudondosha spana, njoo na daftari lako tukae tupange safari ya Kalya.